Maswali ya Wasomaji: Bamba limepigwa moto, nguvu imekwenda wapi?

SWALI: Tulinunua mabamba ya S700MC (chuma cha nguvu ya juu) ya milimita 8 ya kutengenezea chesisi ya tela la kokoto. Mashine ya kukunja ilishindwa, fundi akaupasha mstari wa mkunjo kwa gesi hadi ukawa mwekundu, akakunja, ukapoa wenyewe. Sasa chesisi inalegea palepale. Tukipasha tena na kumwagia maji, ugumu utarudi?
*Msomaji, Buguruni*

JIBU: Hautarudi. Maji hukipa ugumu chuma chenye kaboni ya kutosha, na hiki kina kaboni isiyozidi asilimia 0.12. Mtapata kipande kigumu kilichopakana na kilicholegea, bamba litajipinda, na ufa utaanzia mpakani.

Hiyo 700 ni megapaskali (kipimo cha nguvu kwa eneo) ambazo bamba huhimili kabla ya kupinda lisirudi, na sehemu kubwa yake ilipatikana kwenye rola, yaani mitambo ya kiwandani inayobana chuma kiwe bamba. Ndani mna metali za naiobiamu, vanadiamu na titaniamu, zote pamoja zisizozidi asilimia 0.22. Kiwandani bonge la chuma hupashwa hadi nyuzi 1,200 hivi ili naiobiamu iyeyukie ndani. Hubanwa kwanza likiwa juu ya nyuzi 1,000, kisha likishuka chini ya 950 hubanwa tena kwa nguvu. Hapo naiobiamu hujitenga kama vumbi la kabaidi (muungano wake na kaboni) linalozuia punje za chuma kujijenga upya, nazo hubaki zimelazwa bapa kama chapati. Maji hulipoza haraka hadi nyuzi 600 hivi, linaviringishwa, na vumbi jingine laini zaidi hujitenga humo.

Punje zikipungua kutoka maikroni 20 hadi 5 (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), hilo peke yake huongeza takriban megapaskali 120. Moto wa gesi huvuruga yote mawili: punje hukua, na vumbi hukusanyika kuwa madonge yasiyozuia kitu. Na kwenye nyuzi 900 naiobiamu iliyokwisha kujitenga haiyeyuki tena, kwa hiyo hata tanuru zuri halirudishi kilichopotea. Rola za kiwandani hamnazo.

Mpaka wa chuma hiki ni nyuzi 580. Kwenye jua la Dar wekundu hafifu hauonekani, kwa hiyo ukiuona mchana peupe, mpaka ulishapitwa zamani. Tumieni chaki ya kupimia joto, ile inayoyeyuka kwenye nyuzi zilizoandikwa juu yake.

Kateni sehemu yote iliyopashwa, wekeni bamba jipya lililokunjwa likiwa baridi. Nusu kipenyo cha ndani kisipungue milimita 20, na mdomo wa kibao cha chini cha mashine ya kukunja uwe milimita 80 hadi 100. Mara nyingi mashine "hushindwa" kwa sababu mdomo ni mwembamba mno. Kunjeni mkikatisha mwelekeo wa rola, na sageni kingo zilizokatwa kwa gesi, maana ufa huanzia hapo. Chuma hiki hurudi nyuma kuliko bamba la kawaida, hivyo pitilizeni pembe kidogo.

Kiungo cha kuchomelea kiwe mbali na mkunjo. Chomeleeni kwa mistari myembamba, na kila mstari upoe chini ya nyuzi 150 kabla ya unaofuata. Elektrodi za E7018 zilizokaa wazi kwenye unyevu wa pwani zikaushwe kwenye nyuzi 350 kwa saa moja au mbili. Ila hazifikii 700, kwa hiyo kiungo kisiwekwe penye mzigo mkubwa.

Mwakani mkinunua, someni kwenye cheti cha kiwanda herufi inayofuata namba, kama M ya S700MC. N ilipashwa hadi nyuzi 900 hivi na kupozwa hewani, na huvumilia kupashwa hivyo tena. M haivumilii.

SWALI: Na nondo za milimita 16 zikipashwa ili zikunjike?
*Msomaji, Mbagala*

JIBU: Inategemea ilivyotengenezwa. Nyingi hupigwa maji zikitoka kwenye rola ya mwisho: ngozi inakuwa ngumu, kisha joto la kiini linailainisha kiasi. Kateni kipande, kisugueni kwa msasa laini, kipanguseni kwa asidi ya naitriki ya asilimia 5 ndani ya spiriti, mkiwa na glavu na miwani. Pete nyeusi ikitokea pembeni, msiipige moto: pete ndiyo nguvu yenyewe. Isipotokea, huenda ni ya vanadiamu, inayostahimili kidogo. Kwa milimita 16, bomba na mikono miwili vinatosha. Kwa nini gesi?