Wageni wanakwenda haja wapi? Majibu kuhusu choo cha nyumba ya kumbukumbu

Makala yangu kuhusu nyumba za usasa (zile za zege, vioo na paa bapa) za karne ya 20 zilizogeuzwa makumbusho haikugusa choo hata kwa sentensi moja. Wasomaji mmenikumbusha, na mmefanya vizuri. Haya machache kati ya mliyouliza.

Nyumba tunayoitunza ina mabafu mawili ya asili, bado mazima. Kuna ubaya gani wageni wakiyatumia?

Mabafu hayo ni sehemu ya maonyesho, kama sebule ilivyo. Katika Villa Savoye kule Poissy, Ufaransa, nyumba iliyobuniwa na msanifu Le Corbusier na kukamilika mwaka 1931, sinki la kunawia limesimama wazi ukumbini unapoingia. Ghorofani, kando ya beseni la kuogea, kuna kiegemeo cha vigae kilichopinda kufuata mgongo wa mtu aliyelala. Watu husafiri mbali kwenda kuvitazama. Katika nyumba ya vioo ya msanifu Philip Johnson huko New Canaan, Marekani (1949), bafu limo ndani ya mnara wa matofali wa duara, na ndiyo sehemu pekee ya nyumba iliyozibwa kwa ukuta.

Halafu kuna mabomba. Yaliwekwa kwa ajili ya familia moja, si basi zima linaloshusha watu saa nne asubuhi. Wasanifu wale walipenda kuta nyembamba na dari zisizo na uwazi juu yake, hivyo mara nyingi bomba limezikwa ndani ya zege. Likivuja, fundi atavunja vigae ambavyo hakuna kiwanda kinachovitengeneza tena. Kwa hiyo fungeni maji, acheni mlango wazi, wekeni kamba.

Lakini angalieni: choo kisichotumika hukauka. Yale maji yanayokaa kwenye kipinda cha bomba ndiyo yanayozuia hewa ya majitaka isipande ndani. Yakikauka, nyumba nzima itanuka, na mtaanza kulaumu panya. Mwageni ndoo ya maji kila baada ya wiki chache, au zibeni bomba kabisa. Kifuniko nacho kifungeni. Hakosekani mgeni anayeruka kamba.

Choo kipya tukijenge karibu na nyumba au mbali?

Kabla ya kuchora chochote, kaeni kwenye kila kiti ndani ya nyumba na mtazame nje. Kila mnachokiona kutoka hapo ni sehemu ya nyumba, msikiguse. Kwenye nyumba ya vioo agizo hili linauma, maana macho yanafika kila upande. Mimi hupendelea choo kikae pale wageni wanaposhukia na kukatiwa tiketi. Mtu aliyesafiri saa tatu hataki kusikiliza historia ya zege kabla hajapata nafuu.

Ila kinachoamua zaidi ni ardhi. Bomba la majitaka hutegemea mteremko. Mkishuka sentimita 1 kwa kila sentimita 60, mtaro wa mita 60 utaishia mita 1 chini zaidi ya ulipoanzia. Je, huko chini kuna mwamba? Kuna mizizi ya miti mikubwa? Mara nyingi msanifu aliipanga nyumba kufuata miti hiyo; ukiikata mizizi umebomoa sehemu ya kazi yake.

Tena ulizeni habari za mto. Nyumba ya Farnsworth huko Plano, Illinois, ambayo msanifu Mies van der Rohe aliiinua juu ya nguzo kandokando ya Fox River, iliingiwa na mafuriko miaka ya 1954, 1996 na 2008. Shimo la majitaka likifurika pamoja na mto, kinachoingia sebuleni si maji ya mto peke yake.

Kifanane na nyumba? Paa bapa, kuta nyeupe, dirisha refu la mlalo?

Hapana. Mkataba wa Venice wa 1964, unaoongoza kazi za uhifadhi, unataka nyongeza itambulike kuwa ni ya wakati wake. Chukueni kimo na utulivu wa nyumba, mwacheni mgeni ajue kipi ni cha zamani. Paa lipeni mteremko. Nyumba yenyewe inatosha kwa kuvuja.

Je, mtu wa kiti cha magurudumu?

Duara la sentimita 150 la kugeuzia kiti, mlango wenye upana wa wazi wa sentimita 90, na kamba ya kengele inayofika karibu na sakafu, kwa sababu aliyeanguka hawezi kufikia ukutani. Njia ya kuja iwe ngumu, si changarawe. Msipake kila kitu nyeupe: mwenye uoni hafifu hatakiona chuma cheupe cha kushikilia kwenye ukuta mweupe.

Mbunifu wetu anataka choo cha vioo, kiendane na nyumba.

Limewahi kufanyika. Mwaka 2020 msanifu Shigeru Ban alijenga Tokyo vyoo vya umma vyenye kuta za vioo ambavyo, mlango ukifungwa, hupoteza uwazi na mtu wa nje haoni ndani. Kile ni choo cha bustani ya mjini, watu wapite waone kuwa ni kisafi. Kwenu kitashindana na nyumba na kuharibu mandhari yake. Mwombeni kuta nzito na mwanga kutoka juu. Akikataa, wa kwanza kukijaribu awe yeye, siku ya wageni wengi.