Ukipanga barabara ya kuvuka nchi, anza na mpaka, lami baadae

Hii nawaandikia mnaofanya kazi kwenye mipango ya miundombinu, uwe wizarani, kampuni ya ushauri au bado uko chuo unasomea uchukuzi. Nimekaa miaka mingi kwenye kliaringi ya mizigo ya transiti, yani ile inayopita nchini kwenda nchi nyingine, baadae nikawa naitwa kwenye vikao vya wadau miradi mipya ikianza, na ninachokiona ni kilekile, ramani inatundikwa, mstari mwekundu unatoka bandarini unapita nchi tatu, watu wanabishana upana wa barabara mpaka jioni, alafu mpaka wenyewe unapewa nusu ukurasa mwishoni mwa ripoti. Mimi nasema geuzeni, anzeni pale lori linaposimama.

Kabla hamjachora chochote, mmoja wenu apande lori kutoka bandarini mpaka mzigo unaposhushwa, na aandike kila kituo, mizani, vizuizi vya polisi, ofisi ya forodha, alisimama masaa mangapi na kwa sababu gani. Mkishayaona hayo masaa mtajua wenyewe hela iende wapi. Mara nyingi mtakuta yamejaa mpakani, watu wanasubiri mtandao urudi, wanasubiri kibali, au mzigo umekaguliwa upande huu na unakaguliwa tena upande wa pili, yani mzigo uleule na karatasi zilezile, na hayo lami mpya haiyagusi kabisa.

Dawa yake kubwa ni kituo cha huduma za pamoja mpakani, sisi tunaziita OSBP. Lori linapita upande wa nchi linayotoka bila kusimama, linaingia kituo cha nchi linayokwenda, na hapo linawakuta maofisa wa nchi zote mbili, wa kutoa na wa kuingiza. Chirundu, kati ya Zambia na Zimbabwe, ndo ilitangulia Afrika nzima, Desemba 2009, na kwetu Afrika Mashariki sasa unazikuta Namanga, Busia, Malaba, Rusumo, Holili na Taveta. Ila jengo peke yake halitoshi, na hapa nawaomba mnisikilize vizuri: ofisa wa nchi moja anapofanya kazi ndani ya ardhi ya nchi nyingine lazima iwepo sheria inayompa hayo mamlaka, akikamata mzigo wa magendo unapelekwa mahakama ya nani? akigombana na mtu anashtakiwa wapi? Kama hilo halijapita bungeni pande zote mbili mtamaliza jengo likae. Kwaiyo wanasheria waingie siku ya kwanza pamoja na mainjinia, wasisubiri siku ya kukata utepe.

Alafu kuna vitu ambavyo mchoraji wa upande mmoja hawezi kuviona. Rusumo kwa mfano, Tanzania tunaendesha kushoto na Rwanda wanaendesha kulia, kwaiyo lazima mchoro uonyeshe magari yanabadilishana upande wapi, na huwezi kuupanga huo mchoro ukiwa nchi moja tu. Na daraja la Kazungula, la Botswana na Zambia juu ya Zambezi, mita 923, lilijengwa na kona ili lisiingie ardhi ya Zimbabwe, likafunguliwa Mei 2021 na kuwaondolea madereva ile habari ya kusubiri pantoni. Kona ile imetokana na siasa na mipaka, na mwanasiasa asipokuwa mezani mapema injinia anachora mara mbili.

Reli ndo inaniuma zaidi, maana ukikosea geji, yani upana kati ya vyuma viwili vya reli, umekosea kwa vizazi. TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, ina geji ya milimita 1,067, ileile ya kusini mwa Afrika, ndo maana inaungana vizuri na huko, lakini reli ya kati ya zamani ya Tanzania ni milimita 1,000, kwaiyo zinapokutana Kidatu mzigo lazima uhamishwe kutoka behewa moja kwenda lingine. Sasa hivi Kenya na Tanzania zote zinajenga milimita 1,435, hilo ni jambo jema sana, ila ya Kenya inatumia dizeli na ya Tanzania umeme, na siku zikija kuunganishwa mtu atatakiwa ajibu injini ipi inavuta wapi na mifumo ya ishara inaelewana vipi. Hilo swali liulizwe leo, wakati bado kuna vipande havijajengwa.

Barabarani pia ni hivyohivyo. Jumuiya ya Afrika Mashariki (EAC) tayari ina kikomo cha tani 56 kwa lori zima, na nchi inayoachia lori lizidishe inaharibu barabara ya jirani pamoja na ya kwake, kwaiyo mizani na utaratibu wake viingie kwenye mpango uleule wa barabara.

Msiwasahau pia wanaovuka kwa miguu, wale kina mama wenye biashara ndogondogo. Wekeni lango lao na dirisha lao, na parkingi yenye vyoo na maji kwa madereva. Na kwenye bajeti andikeni kabisa nani analipa umeme, jenereta na fundi wa skana pande zote mbili wafadhili wakishaondoka, tena kwa jina la taasisi, na sahihi zipatikane kabla mkandarasi hajaingia saiti.