Isopodi wanakufa kiangazi: anza na unyevu

Ndugu yangu, umesema isopodi wako, wale wanyama wadogo wenye magamba na miguu mingi unaowafuga sandukuni hapo Lubumbashi, walizaana vizuri wakati wa mvua, na sasa kiangazi wanakufa mmoja mmoja ingawa unawapa karoti kila siku. Karoti haina kosa. Hewa ndiyo kavu.

Hawa si wadudu, ni jamaa ya kaa. Wanapumulia viungo vilivyo chini ya tumbo, na vikikauka wanakufa. Lowesha upande mmoja tu wa sanduku, uweke na kuvumwani, ile mimea midogo laini ya kijani inayoota penye unyevu. Upande wa pili uache mkavu, wachague wenyewe. Ukilowesha kote udongo utaoza, na matundu ya hewa usiyazibe.

Karoti punguza. Chakula chao hasa ni majani makavu: okota ya mpera, ila mbali kabisa na viwanda vya shaba na lundo la taka za migodi, maana isopodi hulimbikiza shaba mwilini. Ongeza maganda ya mayai yaliyosagwa.

Yule uliyesema ana rangi mbili usimtupe, tafadhali! Anajivua gamba: nusu ya nyuma kwanza, ya mbele baadaye. Na ukiona jike ana mfuko uliovimba upande wa chini wa kifua, kati ya miguu, amebeba mayai, mrudishe taratibu. Watoto hutoka weupe na wadogo mno, kwa hiyo usibadilishe udongo sasa, utawamwaga nao.

Usiku wa mwezi wa sita na wa saba, sanduku lisikae kwenye sementi. Baridi inawazuia kuzaa.