Kreatinini imepanda baada ya losatani: niisimamishe?

SWALI: Daktari, mimi ni tabibu wa kituo cha afya. Nina mama wa miaka 58 mwenye kisukari na presha. Mkojo wake umeonyesha protini kwa zaidi ya miezi 3. Nilimwanzishia losatani, dawa ya presha inayolinda pia figo, miligramu 50. Baada ya wiki 3 kreatinini, taka ya damu inayopanda figo zikichuja kidogo, imetoka maikromoli 110 hadi 135, presha ni 138/84. Anatumia pia metfomini ya kisukari gramu 1 mara 2 kwa siku. Je, losatani inamuua figo?

JIBU: Usiisimamishe kwa namba hiyo. Imepanda kwa asilimia 23 hivi, na katika wiki 4 za mwanzo tunavumilia hadi 30. Losatani hushusha msukumo wa damu ndani ya vichujio vya figo. Ndiyo kazi tuliyoiitia. Wengi hapa huifuta na kubaki na amlodipini, dawa nyingine ya presha, peke yake: presha inashuka vizuri, protini inaendelea kuvuja.

Mimi nina wasiwasi zaidi na potasiamu ya damu, ambayo losatani inaweza kuipandisha na wewe hukuitaja. Kama hamna kipimo, peleka sampuli hospitali ya wilaya, ila seramu (maji ya damu) itenganishwe kwanza. Damu nzima iliyokaa saa nyingi na kutikiswa kwenye bodaboda hutoa majibu ya juu yasiyo ya kweli. Potasiamu ikiwa milimoli 5.5 au chini, endelea. Ikizidi 6, simamisha losatani na umpeleke hospitali siku hiyohiyo. Katikati ya hapo, punguza dozi, kagua chakula, urudie kipimo mapema.

Kisha mwambie aje na mfuko wa dawa zake zote, aumwage mezani. Ukimuuliza tu kama ana dawa nyingine atasema hapana, maana diklofenaki ya maumivu ya magoti aliyonunua dukani haihesabu. Ukiikuta, iondoe, umpe parasetamoli. Diklofenaki yenyewe inaweza kuipandisha kreatinini hivyo. Uliza na mitishamba, na kama aliharisha karibuni.

Metfomini ipunguze sasa. Kwa CKD-EPI ya 2021, fomula ya kukadiria uchujaji wa figo kutokana na kreatinini, uchujaji wake ni kama mililita 39 kwa dakika. Chini ya 45 inatosha miligramu 500 mara 2. Chini ya 30 inaachwa kabisa.

Pima tena baada ya wiki 1 au 2. Kreatinini ikitulia na potasiamu ikiwa nzuri, panda hadi losatani 100, kwani bado hajafika chini ya 130/80. Kreatinini ikivuka 143, yaani ile asilimia 30, na mfukoni hukukuta kitu, mpe rufaa akaangaliwe kama mishipa ya figo imebana.