Msitu ulioungua: watoto waanzie wapi?

SWALI: Nafundisha sayansi darasa la nne. Nimewachorea wanafunzi hatua za msitu baada ya moto: majivu, nyasi, vichaka, miti. Wamezikariri vizuri, lakini nikiwauliza miti mipya imetoka wapi, wananiambia "watu wameipanda." Nimekosea wapi?

JIBU: Mwalimu, mchoro hauna kosa. Tatizo ni kwamba umeanza na majivu, na mtoto akiyaona anajua kila kitu kimekwisha. Anza na kilichobaki. Udongo haupitishi joto upesi, kwa hiyo mara nyingi moto ukipita juu, sentimita chache chini mizizi na mbegu zingali hai.

Kisha waonyeshe. Chukua vizibo viwili vya plastiki, tia mbegu ndogo katikati, vigandishe kwa nta ya mshumaa. Wavitikise wasikie mbegu zikilia ndani. Halafu wewe mwenyewe, si wao, vitumbukize kwenye beseni la maji ya moto. Nta inalegea, vizibo vinaachana, mbegu zinamwagika. Koni za baadhi ya misonobari, yaani vifuko vigumu vinavyobeba mbegu zake, ziko hivyo: utomvu umezifunga, hukaa mtini miaka mingi zimefumba, hadi joto la moto lizifumbue. Katika hifadhi ya Yellowstone, Marekani, moto wa mwaka 1988 uligusa zaidi ya theluthi ya eneo lote, na misonobari ikajiotea kwa wingi bila kupandwa.

Zile hatua zako zifundishe kwa kivuli. Wagawe watoto: nyasi, vichaka, misonobari. Ukitaja mwaka wa kwanza, nyasi wanasimama. Ukifika mwaka wa thelathini, misonobari wananyoosha mikono, na nyasi aliyefunikwa anachuchumaa kwa kukosa jua. Mmoja awe mti mkavu uliobaki wima, mwingine kigong'ota anayefuata mabuu ya mbawakawa ndani yake. (Jiandae, wote watagombea kuwa kigong'ota.)

Ila wasiondoke wakidhani moto ni dawa ya kila msitu. Miti mingi ya misitu ya mvua ina magome membamba na haikuzoea kuungua. Hata hiyo misonobari, moto ukirudi kabla miche haijafikia umri wa kuzaa koni, hakuna mbegu ya kufumbuliwa. Rudieni mchezo, safari hii upige kelele "moto!" mwaka wa tatu, kisha waulize nani atasimama.