Mhusika amepanda kosta, lakini hajaondoka

Miswada mingi ya hadithi fupi inayoandikwa huku Nyanda za Juu Kusini ina mpango mmoja. Kijana anatoka Makete au Rungwe, anakwenda Dar, anapigwa na maisha, anarudi nyumbani, anakaa kando ya mto, halafu sentensi ya mwisho inasema: "Hapo ndipo alipojitambua." Msomaji haamini. Gari ameliona likienda, mtu hajamwona. Ndani ya kijana yule hakuna kilichosogea mpaka mwandishi alipoamua kutangaza.

Dawa yake huanza kabla ya ukurasa wa kwanza. Chukua karatasi pembeni, andika uongo ambao mhusika wako anajidanganya nao. Sentensi moja, isizidi maneno 12, kwa sauti yake mwenyewe. Isiwe siri anayowaficha wengine; hiyo waachie wa hadithi za upelelezi. Iwe jambo analoliamini kabisa kuhusu nafsi yake, na wewe unajua kwamba si kweli. Safari ya ndani ni uongo huo kuchakaa kidogo kidogo hadi usivalike tena. Ukishindwa kuiandika sentensi hiyo, usianze hadithi. Utaishia mtoni kama wenzako.

Tuchukue Atupele, dada mwenye genge la parachichi Uyole, Mbeya. Miaka 6 hajakanyaga kwao Tukuyu, tangu baba yake alipompa kaka mtu shamba lote la migomba. Sasa mzee anaumwa, na Atupele anasafiri. Uongo wake ni huu: "Nafuata vyeti vyangu tu, narudi leo leo."

Usimweleze msomaji kwamba anajidanganya. Mpe Atupele kitu mkononi kitakachomuumbua. Pale Uyole, kabla ya kupanda kosta, ananunua kilo 2 za sukari. Mtu anayefuata vyeti hanunui sukari. Mama aliyekaa naye anamuuliza, "Unawapelekea wazee, mwanangu?" Anajibu, "Hapana mama, ya kwangu hii." Ya kwake, na anarudi leo leo. Msomaji ameshakamata, na wewe hujasema neno.

Sasa weka mistari miwili sambamba. Wa kwanza: "Atupele alihisi uchungu mzito moyoni, akagundua kwamba bado anampenda baba yake." Wa pili, njiani kwenda Tukuyu: "Isongole ukungu ulikuwa umeshuka hadi barabarani, abiria wakifunga madirisha. Atupele alikuwa ameupakata mfuko wa sukari, viganja vyote viwili juu yake, kana kwamba sukari nayo husikia baridi." Wa kwanza unatoa taarifa. Wa pili unamwacha msomaji afanye kazi, na aliyefanya kazi hasahau.

Angalia pia vitenzi vyake, maana hapa Kiswahili kina chombo ambacho waandishi wengi hawakitumii. Mfululizo wa -ka- hukimbiza: akashuka, akanunua, akapanda, akafika. Unafaa kwa barabara. Mhusika anapofika mahali ambapo uongo unaanza kumbana, ikate -ka- mara moja. Ingiza -ki- ya tendo linaloendelea, kitenzi "kuwa" pamoja na hali ya "-me-", au hu- ya mazoea: alikuwa amepakata, wakifunga, husikia. Muda unapungua mwendo wenyewe bila wewe kuandika "muda ulisimama". Miswada tunayoirudisha ikiwa na alama nyekundu kila mahali mara nyingi ina ugonjwa huo mmoja tu, -ka- kutoka mwanzo hadi mwisho, hata kwenye kilio.

Vipimo navyo, kwa hadithi ya maneno 2,500 hadi 3,000. Mbinu rejeshi, yaani kurudi kwenye matukio ya nyuma, zisizidi mbili, kila moja isipite maneno 150, na ya kwanza isije kabla ya neno la 500, kwa kuwa msomaji hawezi kujali ya zamani ya mtu ambaye hajamzoea. Kila kumbukumbu ianzishwe na kitu kinachoguswa, kunuswa au kusikika. "Alikumbuka siku ile" peke yake haitoshi. Mawazo ya ndani yakifika sentensi tatu mfululizo, ya nne iwe na mkono, mlango au mtu mwingine anayesema. Ukimaliza rasimu, tafuta alihisi, aligundua, alitambua na alielewa. Zikizidi tano zote kwa jumla, kuna matukio ambayo hukuyaandika, umeyataja tu.

Makosa ya wahusika wa pembeni ni mengi ila moja linatosha. Mzee mwenye hekima. Anajitokeza chini ya mti, anamwambia mhusika jibu, anaondoka. Mwache mzee, lakini akosee. Mama wa kwenye kosta anaweza kumwambia Atupele, "Ndugu hugombana na wakapatana, usijali." Maneno mazuri, na kwa shamba la migomba hayana msaada wowote. Atupele atalazimika kufika bila jibu la kuazima.

Barabara nayo iwe ya kweli, la sivyo wasomaji wa huku watakuacha njiani. Kila muswada wa Iringa una Mlima Kitonga kama mfano wa mateso, na nusu yake wameugeuza. Anayetoka Iringa kwenda Dar anauteremka hadi Ruaha Mbuyuni, kwenye joto na vitunguu, sweta linavuliwa. Anayerudi ndiye anayepanda. Ikiwa mhusika wako anakimbia kwao, hapandi mlima, anaachiliwa na mteremko, na hiyo ni picha nzuri kuliko ile uliyokuwa nayo. Majira vilevile. Juni na Julai Iringa ni baridi kavu, upepo na vumbi. Ukiweka mvua kubwa ya majonzi hapo, tutacheka. Tukuyu mvua unaweza kuiweka karibu mwezi wowote. Ulanzi mbichi, pombe ya mianzi, ni wa msimu wa mvua, mianzi inapochipua, kwa hiyo usimleweshe mtu ulanzi uliogemwa asubuhi ile mwezi wa nane.

Kuhusu nani asimulie: nafsi ya kwanza inavutia lakini ina mtego. Anayesema "mimi" ameshafika mwisho wa safari, hivyo anajua uongo wake tangu sentensi ya kwanza, na asipokuwa mwangalifu anaufichua mapema. Katika Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1974, Kazimoto anajisimulia mwenyewe, na kujichunguza kwake hakumponyi. Kunaishia kwenye kujiua. Isome kwa ajili hiyo hasa, uone kwamba kujitambua si lazima kuwe habari njema. Nagona yake ya 1990 iweke kando kwanza. Pale safari imeacha barabara kabisa na kuingia ndotoni, na wanaoiiga kabla ya kuweza kumwandika mtu mmoja kwenye kosta moja hutoa ukungu mtupu, hata Isongole haioni ndani.

Atupele anapofika, usimpe hotuba. Mlangoni anamwambia baba yake shikamoo, kwa Kiswahili, kama mgeni, wakati nyumba nzima inaongea Kinyakyusa. Mzee anaitikia marahaba, naye kama kwa mgeni. Sukari inakaa sakafuni kati yao. Baadaye shemeji anaichukua kwenda kupika chai, na Atupele anamwita kumwelekeza kijiko kimoja tu, mzee hapendi tamu. Amesema kwa Kinyakyusa, na hakujua kama amesema. Kosta ya mwisho ya Uyole inapiga honi barabarani. Ishia hapo. Usiandike kama alilala au alirudi.

Kisha mpe rafiki asome, lakini mfichie karatasi uliyoandika uongo. Asiwe mwandishi, fundi cherehani au mwalimu wa hesabu anafaa zaidi. Muulize swali moja: huyu dada alikwenda Tukuyu kufanya nini? Akikujibu kwamba alifuata vyeti na kukuuliza mbona hakuvipata, rudi Isongole uandike upya kuanzia pale.