Kabla Hujanunua Kiti Mwendo, Uliza Nauli

Akina mama wa jumuiya yetu hapa Nkuhungu, Dodoma, tulianza na kiti mwendo. Mtoto alikuwa na miaka sita, ana mtindio wa ubongo, anaishi na bibi yake kijiji kimoja cha upande wa Bahi. Tulichangishana miezi miwili, tukapata kiti kilichokwisha kutumika, tukakodi gari, tukakipeleka. Tukapiga na picha.

Niliporudi baada ya miezi minne nilikuta mtoto amezama ndani ya kile kiti, kidevu kimegusa kifua. Kilikuwa cha mtu mzima. Kwenye makalio alikuwa na kidonda ambacho bibi alikuwa akikipaka majivu. Magurudumu ya mbele, madogo, yalikuwa yakizama kwenye mchanga hatua mbili tu kutoka mlangoni. Nikamuuliza bibi kwa nini ameendelea kumkalisha humo. Akanijibu kwa upole, "Mwanangu, si ninyi mlimletea?"

Nililia njia nzima hadi mjini. Yule bibi alimuumiza mjukuu wake kwa ajili ya kutuheshimu sisi.

Kiti mwendo hupimwa kama nguo ya shule, tena kwa uangalifu zaidi: upana wa nyonga, urefu wa paja, mahali miguu inapokanyaga, mto wa kukalia, mkanda wa kumshikilia asiyeweza kukaa wima. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa viti hivi kwa nchi kama zetu mwaka 2008, na linasisitiza hayo hayo: kiti kimfae mtumiaji na ardhi anayoishi, na wanaomtunza wafundishwe kukitumia. Mtoto naye hukua, kwa hiyo apimwe tena. Kama huna mtaalamu wa mazoezi tiba wa kukupimia, bado hujafika wakati wa kununua.

Lakini kosa la kiti si ndilo lililonifundisha zaidi. Nauli ndiyo iliyonifundisha.

Mwaka uliofuata tulimpata mtoto mchanga mwenye nyayo zilizopindia ndani. Tatizo hili linatibika vizuri sana likiwahiwa, bila upasuaji mkubwa, kwa njia ya daktari Ignacio Ponseti. Mguu hunyooshwa taratibu na kufungwa hogo (plasta ngumu), na hogo hubadilishwa kila wiki, mara nyingi kati ya tano na nane. Kisha kano ya kisigino hukatwa kidogo kwa watoto walio wengi, halafu mtoto huvalishwa viatu vilivyounganishwa kwa chuma: saa 23 kwa siku kwa miezi mitatu, baadaye usiku tu hadi afikishe miaka minne au mitano. Tulilipia tulichoambiwa hospitali, tukashukuru Mungu, tukaendelea na mambo mengine.

Mama yake aliacha kuja baada ya hogo la tatu. Nauli yake ilikuwa shilingi 6,000 kwenda na 6,000 kurudi. Zidisha kwa safari nane, ni shilingi 96,000 kabla hajanunua hata chai ya mchana, na ilikuwa Januari. Wanaoijua Dodoma wanajua Januari ni nini: ghala limeisha, mtama ndio kwanza unapaliliwa, na siku moja nje ya shamba ni siku ambayo magugu hayakusubiri. Hakuwa mzembe yule mama. Alikuwa na watoto wengine wanne wa kulisha.

Ndiyo maana siku hizi mtu akinipigia kusema anataka kusaidia mtoto, swali langu la kwanza ni hili: unaweza kutoa kidogo kidogo kwa mwaka mzima? Shilingi 12,000 kila wiki zina kazi kuliko laki tano za siku moja.

Kwa watoto walioungua ni hivyo hivyo, na hapa kwetu huwa wengi mwezi wa sita na wa saba, upepo wa baridi unapowasogeza karibu na mafiga na sufuria ya uji. Kijana mmoja tulimlipia upasuaji wa kuwekewa ngozi kwenye mkono. Kidonda kilifunga vizuri. Tatizo ni kwamba ngozi iliyoungua huendelea kuvuta hata baada ya kupona, na asiponyooshwa kila siku na kuvaa usiku kifaa cha kuushikilia mkono ukiwa umenyooka, kiwiko hujikunja kikabaki hivyo. Chake kilibaki hivyo, kwa sababu hatukutenga hela ya kumrudisha kwenye mazoezi. Na tafadhali, mtoto akiungua mimina maji ya kawaida dakika 20, hata kama ni kwa kikombe kutoka kwenye ndoo. Dawa ya meno, yai na mafuta viache jikoni.

Mgongo wazi na kichwa kikubwa kilichojaa maji havisubiri michango. Muwahishe mtoto kwanza kwenye hospitali yenye wapasuaji wa ubongo, MOI (taasisi ya mifupa na ubongo) kule Muhimbili, Dar es Salaam, ni mojawapo, michango ifuate nyuma. Na kabla ya kulipa chochote, mpeleke mzazi kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali. Watoto chini ya miaka mitano wana msamaha wa gharama katika vituo vya serikali, na wasio na uwezo wanaweza kuombewa msamaha huo. Mchango wenu ubaki kwa yale ambayo msamaha hauyafikii.

Picha tumeacha kabisa. Mtoto atakua, ataenda shule, hahitaji kukuta uchi wake kwenye simu za watu.

Yule mtoto wa Bahi sasa anakalia kiti cha mbao chenye kimeza mbele, alichotengenezewa na fundi seremala wa Kizota kwa vipimo vya mtaalamu. Bibi humtoa nje asubuhi wakachambua karanga pamoja. Na Jumanne hii kuna mtoto mwingine anakuja kufungwa hogo la tano. Mama yake nilimtumia nauli tangu Jumapili, maana basi la kijijini kwao huondoka saa kumi na moja alfajiri na hawakopeshi.